Maji ya Wageni

Jumatano jioni

Kwamboka, wewe ni mjinga, na nimekuambia hivyo mbele ya mume wako.

Leo wamekuja watu wa serikali kupima maji yetu. Kile kiwanda cha dawa kilichofungwa hapo juu kilizika mapipa yake ardhini, na sasa kisima chetu kinanuka. Wakampa Kwamboka, mke wa mwanangu, chupa ajaze. Yeye akajaza maji ya mvua kutoka kwa tangi!

"Mama, ningewapaje wageni maji yanayonuka? Niliona aibu."

"Kwani walikuja kunywa?"



Lakini yule bwana wa buti safi aliyewaongoza simwamini. Kisima kiko hapo chini ya migomba, na hakuteremka hata kukitazama. Alinusa chupa, akatabasamu, akaondoka haraka. Nani alimwambia asiteremke? Wakiandika kwamba maji ni safi, nani atatusikiliza tena? Na mjukuu wangu Kemunto anatapika tangu Sabato.

Kesho, kabla ya kuchuma chai, Kwamboka ateke maji ya kisimani kwa mkono wake, twende naye mpaka ofisini kwao Nyamira. Na mtoto asipewe tena hayo maji, hata ya kusuuzia kikombe.