Chupa Nilizozisogeza Jangwani

Chande, ndugu yangu,

Mama yako ndiye aliyenituma nikuandikie. Leo baada ya Alasiri nilikwenda kwake Magomeni kumweleza jambo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno lililoniinua pale mkekani. Nitakwambia ni neno gani. Kwanza jambo lenyewe.

Unazikumbuka zile chupa zetu nane tulizozijaza mchanga? Kila mwisho wa mwezi tulizipanga duara pale uwanja wa Jangwani, hatua hamsini toka chupa hadi chupa, tukakimbia dakika kumi na mbili kupima pumzi. Mizunguko ikiongezeka, pumzi imeongezeka. Wewe unaandika kwenye daftari lako. Kisha tunashikana shingo kuhesabiana mapigo ya moyo, wapita njia wanadhani tunakabana.

Nami, muuza virutubisho, sikuchoka kukusumbua na unga wangu wa nguvu. Ulikuwa unaegesha mkokoteni mbele ya duka letu Kariakoo, jasho linakutoka, unalitazama kopo na kucheka: "Uji wa matajiri huo, Nassor. Mimi nimekulia mihogo." Mbele ya wateja! Ulinichoma. Hatimaye ukakubali kuujaribu mwezi mmoja. "Chupa ndizo zitakazosema," ulisema.

Nikaogopa chupa zisije zikaniumbua. Siku ya kupima niliwahi uwanjani, nikazipanga kwa hatua arobaini na tano. Ukamaliza mzunguko wa kumi, ambao hukuwahi kuumaliza, ukanikumbatia ukiwa umelowa chapachapa. "Nisamehe kaka, unga wako kiboko!" Nilicheka nawe. Nilifurahi kweli, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Mwezi uliofuata ningeweza kuzirudisha. Lakini ungeona umeshuka, ungeuliza. Nikazisogeza tena, zaidi. Nawe ukaongeza vijiko, ukaacha siku yako ya kupumzika, kwa kuwa daftari lilisema unapanda. Mara ya mwisho nilikushika shingo, tukakaa, tukanywa maji, tukakaa tena, mapigo hayakushuka. Ukaniambia moyo unakudunda hata ukiwa umelala. Nikakujibu, "Unga umeshika huo." Ni mimi niliyesema hivyo, Chande. Nami peke yangu ndiye niliyejua kwamba pumzi yako inapungua.

Wiki mbili baadaye ulianguka kwenye mbio, kilomita tatu kabla ya kumaliza. Daktari alisema moyo ulikuwa na hitilafu ya siku nyingi. Unga hakuutaja. Labda haukufanya lolote, sijui. Lakini chupa zingekwambia usimame, nami niliziziba mdomo.

Kwenye arobaini yako mama alilitoa daftari, akawaonyesha wageni. "Tazameni mwanangu alivyokuwa anapanda." Nikala pilau nimeinamisha kichwa. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, mkalila nyinyi.

Na ningeendelea kunyamaza, sitakudanganya tena. Ila juzi dada yako Zuhura alikuja dukani amevaa viatu vyako, ameshindilia pamba mbele ili vimtoshe. Anataka kukimbia. Akaomba kopo lile lile, daftari likiwa mkononi: "Nataka nimfikie kaka." Akufikie wapi? Wewe mwenyewe hukufika pale.

Ndipo nikaenda kwa mama. Sikubakiza kitu. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akasema: "Mimi umeniambia. Lakini uliyemdanganya si mimi. Mwambie mwenyewe."

Basi nimekwambia. Sikuombi unisamehe, maana huwezi kunijibu, na ningejijibu mwenyewe kwa ninavyopenda.

Ninachokuahidi ni hiki. Zuhura atapimwa moyo hospitali kwanza. Kopo sitampa. Uwanja tutaupima kwa futi kamba, na chupa atazipanga yeye. Nikimshika shingo, nitasema ninachokihesabu, hata kama hatapenda.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Daftari mama amenikabidhi. Nimekaa nalo jioni hii, nikaandika pembeni mizunguko yako ya kweli, mwezi kwa mwezi. Ule mwezi wa mihogo, kabla hujalifungua kopo langu, hukuja kuufikia tena.

Nassor