Mwanamke Aliyefukuzwa Asubuhi

Nyokabi,

Githeri iko kwa sufuria ya bluu. Mpe babako saa sita kamili, na usimuulize kama amekula, atakuambia amekula. Ile dawa nyeupe ni baada ya chakula.

Kuanzia kesho, ukitoka kazi Thika, usiingie na barakoa usoni. Simama hapo nje kwanza, uishushe, umwambie, "Baba, ni mimi," halafu uivae tena. Mimi leo nilisahau. Nilitoka kununua maziwa, nikaingia tu moja kwa moja, na si alinikimbiza na mwiko! Tangu ile ajali ya pikipiki, akiona nusu ya uso hajui ni nani. "Toka! Mke wangu akikupata humu utamjua!" Majirani wa ploti nzima walitoka kuangalia.

~~Nitarudi jioni. Nimechoka.~~ Nitarudi saa nane. Niko hapo kwa Nekoye. Kile kikundi chetu cha wanaotunza watu walioumia ubongo siku hizi kinakutana kwa simu, sababu ya korona, na siwezi kuongea mambo yake akinisikia.

Chupa ya chai usimwachie karibu.

Na usimcheke. Mimi nilicheka, halafu nikalia hapo kwa kamba ya nguo. Nilipovua barakoa alinifungulia mwenyewe, akanishika mkono.

"Mama Nyokabi, ulikuwa wapi? Kuna mwanamke alitaka kuingia kwa nyumba yako. Nimemfukuza."

Mamako