Ngozi Anayolalia Mwanao

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kitinda wetu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba mtoto, na huyo mgeni wetu mdogo ambaye hata sijambeba. Mnaendeleaje huko? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa baridi ikizidi? Na mtoto, analala vizuri au mnakesha naye? Unijibu hayo kwanza kabla ya mengine yote, maana naijua tabia yako ya kuruka kila swali linalohusu afya yako.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakwenda kutengeneza zizi. Mama anaendelea vizuri na dawa zake za presha. Mvua zimetosha, kondoo wamenawiri, na wawili wamezaa mapacha.

Utashangaa naandika barua wakati simu tunapigiana kila mara. Nyumba yetu unaijua: ukisema chumbani, wa jikoni anaitikia. Nina jambo ambalo sikutaka kulisema nusunusu huku nikitazama mlango. Kaa chini ulisome taratibu.

Ile picha uliyonitumia, mtoto akiwa amelala kifudifudi juu ya ngozi ya kondoo ya kahawia iliyokolea. Uliniambia ni zawadi ya Mjomba, kwamba ameitengeneza kwa mikono yake, na kwamba ulilia ulipofungua kifurushi. Nami nilifurahi. Nikaikuza picha nimwone mtoto vidole. Ndipo nikaona kwenye bega la ile ngozi mstari mweupe, umepinda kama mundu.

Kitinda, huyo ni Bosi.

Hukuwahi kumwona, alizaliwa ukiwa umeshaondoka. Alikuwa jike mwenye kichwa kigumu. Hatoki zizini mpaka aamue yeye, na wenzake wote wamesimama wanamngoja. Siku moja alijaribu kupenya kwenye seng'enge akachanika bega. Nilimshona mwenyewe, Shemeji yako kamshika kichwa anamtukana, na kovu lilipopona manyoya yakaota meupe hapo. Alizeeka, meno yakamwisha, ikabidi tumchinje pamoja na wazee wenzake kabla kiangazi hakijakaza. Ngozi yake niliichuna mimi, nikaipaka chumvi mimi. Na mwaka jana niliambiwa imeoza, imetupwa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Zamani ngozi zetu zilikuwa chakula cha mbwa. Mwaka jana nikasema hapana, safari hii nitazipeleka zikatengenezwe zibaki na manyoya yake, ziwe za kutandika kitandani na kwenye viti. Jirani yetu, yule fundi cherehani, akavutiwa. Akasema yeye atashona mito. Akanikabidhi na ngozi zake mbili tatu, na kila asubuhi tukawa tunapangana juu ya ua, sisi wawili, kama wasichana wanaotaka kutoroka shule.

Nilikwenda kwanza kwenye kile kiwanda kikubwa nje ya mji. Kabla hujafika geti, harufu inakufikia na kukupokea. Nyuma ya ukuta mtaro unatoa maji ya rangi ya buluu. Msimamizi alikuwa mwungwana, alinieleza bila kunizungusha: wao manyoya wanayaondoa, na ngozi zikiingia pale zinachanganywa na za watu wengine. Mle ndani hakuna ya mama fulani. Nikamshukuru nikageuza.

Kisha nikaenda kwa mwanamke mmoja wanamwita Mama Gome. Anafanyia kazi nyuma ya nyumba yake, ana mapipa yenye maji mekundu kama chai iliyochemka kupita kiasi, magome ya miti yamelala ndani, na mikono yake ina rangi hiyohiyo mpaka viwikoni. Kazi yake niliishika nikaipenda. Ila ni mkali wa maneno kama mwiba. Nilipomuuliza itachukua muda gani, akaniambia ngozi haina haraka, mwenye haraka ni mimi. Shemeji yako alicheka, akasema huyu ndiye.

Mimi nikasema hapana. Nikasema tunaye Mjomba. Mtu ana karakana yake ya ngozi miaka yote hii, halafu mpwa wake apeleke kwa watu baki? Unakumbuka ndiye aliyetufundisha kuchuna. Alikuwa akituambia kisu kazi yake inaishia miguuni, kwingine kote ni kusukuma kwa ngumi, ndipo ngozi isitoboke. Shemeji yako alinitazama, akaenda kufungia kondoo. Siku hizi najua kwamba alikuwa na shaka.

Mjomba alizipokea kwa furaha. Alizikunjua moja moja uani, akavuta manyoya kwa vidole kuona kama yameshika, akanisifu mbele ya wafanyakazi wake. Ya Bosi aliipitishia kiganja, akasema hii itakuwa malkia.

Baada ya hapo kimya. Nikipiga simu, ananiambia nivumilie. Kisha siku moja akaja mwenyewe na gari la kuazima, uso umemshuka kama mtu aliyeleta msiba. Alichoshusha, mdogo wangu, yalikuwa matambara. Manyoya yananyofoka ukigusa tu, ngozi imekauka kama ubao, mabaka ya kijani, na uvundo ambao Shemeji yako aliusikia akiwa bondeni.

Akaniambia, "Mwanangu, chumvi ulichelewa. Zilianza kuoza kwako, mimi ningefanya nini?"

Nikamuuliza ya Bosi iko wapi. Akasema zile za rangi iliyokolea ndizo zilizoharibika zaidi, alizitupa asinitie uchungu. Nami nikamshukuru. Unasikia? Nilimshukuru, nikampikia, nikamfungia na mayai.

Shemeji yako alizifukia nyuma ya zizi. Jirani alikuja akatazama shimo, akarudi kwake, na tangu siku hiyo mipango ya uani ikafa. Salamu zake zikawa za mbali, za kichwa tu. Usingizi ulinihama kabisa. Narudia kichwani siku ile ya kuchinja: nilikwenda kuchota maji, nilipokea simu yako, labda hapo ndipo nilipochelewa. Hata wewe nilikulaumu kimoyomoyo, unisamehe.

Kisha ikaja sherehe ya binamu yetu. Watu wamejaa, sisi akina mama tuko upande wa jikoni, Mjomba akainua sauti akawaambia wote kwamba huyu ni mpishi mzuri, mwacheni apike, lakini kopo la chumvi mnyang'anyeni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Kati ya yote haya, hicho kicheko changu ndicho kinachoniunguza.

Sasa urudi kwenye picha yako. Niliitazama mpaka macho yakaniuma, nikamwonyesha Shemeji yako bila kumwambia kitu. Akaweka kidole kwenye ule mstari, akasema, "Huyu nilimshika kichwa mimi." Basi.

Kesho yake nikaenda karakana peke yangu. Mjomba alikuwa anakwangua mafuta kwenye ngozi mbichi. Alifurahi kuniona, akaita kiti. Sikukaa. Nikampa simu. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko picha inavyohitaji. Kisha akasema, "Mtoto amenenepa."

Nikangoja. Wafanyakazi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi nje.

Hatimaye akaanza kueleza, huku anaongea na meza. Alikuwa na kazi ya mteja mkubwa, mtengeneza samani, ngozi za viti vya hoteli. Akaalikwa arusini, akaondoka akiziacha zimelundikwa zikiwa mbichi, bila chumvi, joto lile unalolijua. Aliporudi zilikuwa zimeoza. Mteja anazidai, na za kwangu zimeshakauka, nzuri, ziko tayari kwenye fremu za kuanikia. Basi mteja akapewa zangu, nami nikaletewa zile za mteja. Ya Bosi haikwenda kwa sababu mteja alitaka nyeupe tupu. Ikabaki. Kurudisha moja bila nyingine kusingewezekana, ningeuliza maswali, kwa hiyo akaificha, na mtoto wako alipozaliwa akapata pa kuipeleka.

Kosa alilonitwisha mimi lilikuwa lake lenyewe, hata hakulibadilisha nguo.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Kwa nini asimwambie mteja ukweli, au aniambie mimi ukweli, ningemwazima hizo ngozi kwa mdomo wangu mwenyewe. Akavua miwani, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Yule angenishtaki," akasema. "Wewe ni mwanangu. Nilijua utavumilia."

Kitinda, nimekwisha kuibiwa kuku, nimekwisha kupunjwa sokoni, nimekwisha kusemwa. Hakuna kilichowahi kunivunja kama hilo neno. Alinichagua kwa sababu nampenda. Angekuwa mtu baki, ningekuwa salama.

Sikumdai kitu. Nilimwomba jambo moja tu: awaambie watu walewale aliowachekesha, na jirani, kwamba chumvi yangu haikuwa na kosa. Akasema uzee huu wote alionao ajivue nguo mbele ya watoto? Nikaondoka. Alinifuata mpaka mlangoni akaniuliza kama Mama nimemwambia. Niliona ni ajabu kwamba hilo ndilo analoliogopa. Kumbe hakuwa anaogopa. Alikuwa anapima ninajua kiasi gani.

Mama alikuwa anajua.

Nilipomsimulia, nimesimama mlangoni hata viatu sijavua, hakushtuka. Aliendelea kuchambua mchele. Mdogo wake alikuja kumlilia zamani, akamsihi anyamaze. Na kile kifurushi chako, Mama ndiye aliyekifunga, akakitafutia msafiri. Alikaa nami nyumba moja, akaniona nikirudia siku ile ya kuchinja kama mtu aliyepagawa, akaniambia nipunguze mawazo. Nilimuuliza aliwezaje.

Akasema, "Ngozi zilikuwa zimeshakwenda. Mimi ndugu nimebakiwa na huyo mmoja."

Nikavua viatu, nikaingia kuwasha jiko. Tunakula pamoja, nampa dawa zake, namfunga kitambaa kichwani kama kawaida. Lakini kuna mahali ndani yangu nimepafunga, na yeye anajua nimepafunga, na hagongi.

Jirani nilikwenda kumwambia mwenyewe. Sikutegemea aniamini, na mwanzoni hakuniamini, akasema namsingizia mzee wa watu. Nikamwonyesha picha. Ndiye aliyewahi kunishonea shuka la kufunikia kondoo wagonjwa, Bosi na kovu lake anawafahamu. Akaitazama, akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akaniuliza safari hii ngozi zinakwenda wapi. Hakuomba radhi, lakini aliniwekea chai.

Basi juzi tumekwenda wote wawili kwa Mama Gome na ngozi za msimu huu. Nilimwambia wazi kwamba nilimkataa nikaenda kwa ndugu, na yaliyonipata. Hakunipa pole. Alinipa chuma cha kutobolea, akasema, "Na mimi usiniamini. Weka alama yako, kila ngozi, ukiwa unaniona." Nikatoboa matundu matatu kwenye kila mguu wa nyuma, jirani anahesabu nami. Zimo majini sasa. Zitatokaje, sijui.

Jambo lako sasa. Ile ngozi usiirudishe na usiitupe. Ni ya mtoto, naye hana kosa. Akiikojolea, ifue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, usiikamue, ianike kivulini, na ikikaribia kukauka ivute kila upande kwa mikono isikakamae. Chana manyoya kwa chanuo la meno mapana. Ninachokuomba ni kimoja: siku akiuliza nani alimpa, mwambie ni mama mkubwa wake, na kwamba alimshona huyo kondoo akiwa hai.

Kama utamwuliza Mjomba au utanyamaza, hilo ni lako. Sitakupangia. Nimeshapangiwa vya kutosha.

Shemeji yako anakusalimu, anasema mjengee mtoto mgongo imara kuliko wake. Jirani fundi cherehani anataka vipimo vya mtoto, na usimpe vya kukisia. Msalimie sana baba mtoto, na umbusu mdogo wetu nyayo zote mbili kwa ajili yangu. Mungu awape usingizi mtamu, na mlango wenu aufungue kwa watu wema tu.

Mama yuko hapo nje anaota jua. Ameniona naandika tangu asubuhi na hajaniuliza namwandikia nani. Sasa hivi ameita, anasema nikimaliza nimwachie nafasi chini aweke salamu zake. Nimemwachia.

Ni mimi dada yako, ambaye kwako sijabadilika.

Mama Mapacha wa Kondoo

(Nafasi ya Mama:)

Mwanangu Kitinda, sijambo. Dada yako amesema kweli.