Kaseti ya Mizani

Fundi wangu,

Shikamoo. Nimeandika hivyo hivyo, ingawa najua marahaba yako haitanifikia.

Tangu tukuzike hapo Mkunya nimekuwa mtu wa kushuku. Msimu wa korosho unakaribia, wanunuzi binafsi wameshaanza kupita na mizani zao, na kila anayenichekea namwuliza moyoni anataka nini. Wewe ndiye uliyenilea hivi. Ulikataa katakata programu yako ya kukagua mizani isinakiliwe. "Kaseti moja, watu wawili, basi," ulisema. Na kompyuta yetu ile kuukuu ya kuchomeka kwenye televisheni, aliyokuachia mwalimu Mzungu wa Lulindi alipohama, ikizimwa haikumbuki kitu; kila ikiwashwa lazima isome programu upya kutoka kwenye kaseti. Bila kaseti hiyo hatuwezi kumwambia mkulima yeyote kwamba mizani fulani imechezewa.

Kompyuta nimeihamishia kwangu Newala. Panya walikuwa wameutafuna mpira wa vitufe. Masasi siku hizi maduka yamejaa kila kitu, tangu serikali iruhusu biashara huria, na muuza vifaa mmoja akaniapia kwamba anao mpira wenyewe. Nikaukunja, nikaugeuza: ulikuwa wa kikokotoo. Nikauchukua, nikaukatakata, ukakaa. Lakini kaseti haikuwamo kwenye boksi la kompyuta.

Nikamshuku Saidi, mpwa wako. Kwa mila yetu ndiye mrithi wa mjomba wake, na ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka humo ndani. Mkeo, Mama Asha, alikuwa edani. Mimi mwanamume wa kando ningemwulizaje? Halafu majirani wakaanza kunong'ona kwamba jioni nyumba yako inalia, mlio mwembamba wa kukwaruza, eti umeacha majini. Mimi nikajua ni kaseti yetu inapigwa kwenye redio ya kaseti, maana programu ikipigwa hivyo hulia mlio huo huo. Nikasema, huyo ni Saidi anainakili awapelekee wenye mizani. Alipokuja kunisalimu nilimwitikia mlangoni, sikumkaribisha ndani.

Juzi Mama Asha alitoka edani, akaniita. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Akaweka redio mezani, akabonyeza. Kabla ya ule mlio ikatoka sauti yako, pamoja na kikohozi chako: "Hii ndiyo ya mizani. Subiri, usiwe na haraka." Halafu makelele ya programu. Akairudisha nyuma, akaanza upya.

"Nakaa namsikiliza mwenyewe," aliniambia. "Hiyo kelele sijui ni ya nini, naivumilia tu."

Nililia, Fundi, mbele yake.

Nikamweleza kelele ile ni ya nini, naye akanipa kaseti. "Kama ni ya kazi, chukua, mwanangu." Nikaijaribu nyumbani. Kompyuta inasoma mpaka katikati, inakwama. Redio imeutafuna utepe. Nakala hakuna, na unajua kwa nini. Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Ungeniachia hata moja.

Nimemrudishia Mama Asha kaseti yake. Programu nitaiandika upya kutoka kichwani, hata kama msimu huu utatupita na watu watapunjwa. Nikiimaliza nitampa kila anayeitaka, Saidi akiwamo, ingawa bado namtazama kwa jicho la pembeni.

Ila kwanza redio. Mkanda wake wa kuzungushia umelegea, ndiyo maana inatafuna, na sauti yako iko mwanzoni kabisa mwa utepe, mahali anapoparudia kila siku. Nateremka Masasi kuutafuta mkanda mwingine. Nikiukosa nitafika Mtwara.

Pumzika, Fundi. Nakuahidi sauti yako haitatafunwa. Mama Asha nimemwomba asiipige mpaka nirudi. Ameitikia vizuri tu, lakini simwamini, kwa hiyo naondoka na gari la kwanza.

Mwanafunzi wako,
Bakari