Presha ya Viatu vya Ondieki

Keroka, 1974

Ogari, wewe! Nusura nikose kazi ya polisi kwa sababu ya viatu. Viatu!

Nilivaa vya kaka yangu Ondieki ili nionekane nadhifu. Vimenibana toka kijijini Manga hadi hapa, vidole vinalia, uso wangu mkavu. Unatujua: mwanamume aliyepita jandoni haonyeshi maumivu.

Kwanza kupimwa afya: muuguzi, Sista Syprose, akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha. Nikakunja ngumi misuli ijae, aone mkono wa askari.

"Kijana, hii presha ni ya mzee! Legeza ngumi, msuli ukikazwa inapanda."

Nikalegeza. Ikashuka kidogo tu.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, sista."

Ogari, akanijibu hivi: "Uso utanidanganya, damu haitanidanganya. Mwili ukiumia, mishipa inajikaza bila kukuuliza."

Bila kukuuliza!

Akatazama miguu yangu. "Vua."

Nikavua, nikapumua kama ng'ombe aliyefunguliwa nira. Akangoja, akapima tena. Presha ya kijana! Nimepita!

Sasa sikia. Miguu imevimba, viatu vimekataa kurudi, na mbio ndizo zinafuata. Nikatokea uwanjani pekupeku.

"Nini hii?" afande akanguruma.

"Amri ya daktari, afande."

Basi, ili mbio ziwe za haki, akaamuru watu wote wavue!

Mtoto wa Manga akiwa pekupeku, nani atamshika? Nimechukuliwa, Ogari! Wale vijana wa mjini walirukaruka kwenye changarawe kama kuku, na sasa wamepanga foleni kwa sista kupimwa, nyayo zikiwauma. Presha zimepanda.