Uzi Mwekundu Chini ya Risasi

Alhamisi, 12 Oktoba
Vyambo vyangu vya kufunga kwa mkono, mfano wa mdudu wa mawe ya mtoni, vilikuwa kumi na viwili. Leo tisa! Verlon, kaka wa mke wangu, jana alikaa mezani pangu kuonja kahawa. Kahawa gani huonjwa vikombe vitatu? Nimefunga vipya sita: waya wa risasi, ile metali nzito, mizunguko kumi na miwili vizame hadi kwenye kokoto, sufu nyeusi, miguu ya mpira. Na mtego — uzi mwekundu chini ya risasi. Oregon nzima hakuna mwingine afungaye hivyo. Nikikipasua chambo kwa wembe, mwizi nimemuumbua.

Jumamosi, 14 Oktoba
Stilihedi! Samaki wa jamii ya trauti aliyekwenda baharini akarudi na hasira. Urefu wa mguu wangu, na mimi si mfupi. Dakika arobaini tukivutana. Nikamshika, nikamwachia. Nilikuwa peke yangu, picha hakuna. Mama Orpha wa duka la uvuvi kakubali: Jumatano anatundika chambo changu ukutani, na jina langu. Ukuta ule ni wa vyambo vilivyomfikisha samaki mkononi tu. Miaka ishirini nautamani. Verlon kauliza mbona mshipi wangu umekatika ncha. Mwamba, nikamjibu. Anachimba nini huyu?

Jumapili, 15 Oktoba
Mezani nimewatangazia wote siri ya uzi mwekundu, macho kwa Verlon. Vile sita, nikasema, nalala navyo chini ya mto. Hakupepesa. Kaomba viazi. Jioni mke wangu kaviona vile vitatu vilivyopotea vimechomekwa kwenye kofia yangu ya zamani. Nani kavirudisha? Ninajua nani.

Jumatano, 18 Oktoba
Kabla ya kutundika tumepita mtoni kwanza, Mama Orpha pia. Verlon katangulia penye kina, mimi nyuma yake, kama desturi. Kanasa stilihedi! Mama Orpha kashika wavu, watu wakajaa. Mdomoni mwa samaki vyambo viwili: cha Verlon, na cheusi kinachoburuta kipande cha mshipi uliokatika.

"Shemeji," Verlon akasema, "huyu kaja na barua."

Kavitoa vyote, samaki kaenda zake. Kisha kaniomba wembe. Wangu mwenyewe! Nimempa, nikaja kukaa garini, vioo juu.

Mkia niliuona lakini. Jumamosi, wazi kabisa, hatua mbili kutoka kwangu. Kuuona na kuushika vina tofauti gani?

Wameinama wote. Miguu ya mpira imetoka. Sufu. Sasa anakunjua risasi, polepole, makusudi.

Hakuna anayecheka. Mbona hawacheki?

Mama Orpha kageuka. Anakuja huku, kiganja kakifumba.