Ile mia mbili ya ukurasa wa kwanza

Swahiba, leo Alhamisi tarehe 12. Asubuhi manyunyu, nikamwomba Mungu anijalie darasa jema. Sasa nimejibanza ngazini nje ya darasa letu la ufundi wa redio, uso sijui niuweke wapi.

Ile chipu ya op-amp ya kukuza mawimbi ya redio niliichagua mimi. Karatasi yake ya maelezo, ukurasa wa kwanza, inasema megahezi mia mbili, sisi tulihitaji mia moja. Nikaona inatosha na kusaza.

Tukawasha, wimbi likatoka hoi. Nikamwambia mwalimu mbele ya wote, "Ni lehemu ya Mama Sindano." Yule fundi cherehani, mwenzangu wa meza. Lehemu ya Mama Sindano, ndivyo nilivyosema.

Akaifumua yote, akarudia. Mara mbili. Akaungua kidole. Akasema tu, "Mzee wa Sala, labda macho yangu yamechoka."

Mwalimu akaisoma karatasi. "Mzee, hiyo mia mbili ni wimbi likitoka kama lilivyoingia. Ninyi mnalikuza mara kumi. Gawanya kwa kumi."

Ishirini, swahiba. Ishirini.

Mama Sindano akanitazama. "Kumbe ulikata kitambaa kifupi, halafu ukalaumu mshono."

Nimesali hapa ngazini, lakini bado kidole chake nakiona. Ngoja niingie.

Nimetoka. Nilisimama mbele yao wote nikasema kwa sauti: "Lehemu ilikuwa safi, kosa ni langu. Kesho nitalehemu mimi, na chipu atachagua Mama Sindano."